Pengo si Mwanya

Sisi Waswahili nafasi iliyo kati ya meno tunaiita kwa majina mawili, na hayachanganyiki. Mwanya ni ule mtu anaozaliwa nao, kati ya meno mawili ya mbele, na mwenye nao husifiwa. Pengo ni pale jino lilipotoka. Mimi nilikuwa na mwanya. Marehemu mamangu akisema nimeurithi kwa bibi mzaa baba. Siku ya harusi yangu, mwaka 1985 hapa Kibokoni, Mombasa, somo yangu, yule mwanamke aliyenifunda, alinishika mkono akaninong'oneza: mpiga picha akikuita, tabasamu kidogo tu, wauone mwanya. Picha ile ninayo hadi leo, na mbele itakuja kufaa.

Nilipokaribia miaka arobaini na mitano, mwanya wangu ulianza kupanuka. Nakumbuka arusini watu wakiniambia, "Bi Mwalimu, mbona wazidi kupendeza?" Nami nilifurahi. Laiti mmoja tu angeniambia nikaangaliwe. Meno ya mtu mzima hayahami bure. Jino limesimama ndani ya mfupa, na ufizi umelizunguka. Maradhi ya fizi yakiula ule mfupa polepole, jino hubaki bila nguzo, na kila ulimi unapolisukuma husogea nukta moja mbele. Mwanya wangu wa uzeeni haukuwa mwanya tena. Ulikuwa ugonjwa, na ugonjwa wenyewe hauumi mpaka umechelewa: damu kidogo kwenye mswaki, harufu ya kinywa asubuhi, ufizi mwekundu, basi.

Tena nina kisukari tangu 2006. Kila mwezi nilikuwa napimwa sukari, napimwa presha, naangaliwa miguu, na katika miaka yote ile hakuna aliyeniambia nifungue mdomo. Sasa najua kuwa maradhi haya mawili yanasaidiana kumdhuru mtu: sukari ikiwa juu, fizi hushambuliwa upesi, na fizi zikikaa na uvimbe, sukari nayo inakuwa ngumu kushuka. Ukiwa na kisukari unasoma hapa, hata kama meno yako yote ni mazima, nenda ukaangaliwe fizi mwezi huu. Usingoje jino litikisike.

Kufikia 2021 nilikuwa nimebaki na meno sita ya mbele ya chini, na manne ya juu yaliyokuwa yakitikisika. Juu mbele hakuna kitu. Na nilikuwa bado nafundisha Kiswahili darasa la sita.

Mtu asiyefundisha lugha huenda asione uzito wa jambo hili. F na v hazitoki mpaka meno ya juu yaguse mdomo wa chini. Th na dh hazitoki mpaka ncha ya ulimi ipate ukingo wa meno. Hata ile t yetu ya Mvita, yaani Mombasa, tunaposema "mato" na siyo "macho", inatolewa kwenye meno. Siku moja nilikuwa nasomesha imla. Nikatamka "thamani". Nilipokusanya madaftari, nusu ya darasa walikuwa wameandika "samani". Sikuwa na haki ya kuwakosoa, kwa sababu waliandika walichosikia. Nilirudi nyumbani nikakaa kitandani na yale madaftari mapajani bila kuyasahihisha. Na kulikuwa na jambo zito zaidi kwangu, nalo ni Kurani. Tangu utotoni nimefundishwa kila herufi na mahali pake kinywani. Dhali, tha, dha: nilizisoma mwenyewe nikasikia kuwa si zenyewe.

Basi nikataka meno ya bandia. Lakini nilikuwa na hofu, na hofu hiyo ilianzia kwa mamangu.

Mama alitengenezewa seti nzima, juu na chini, nilipokuwa ningali msichana. Ya chini yalikuwa yakimkwaruza ufizini. Hakurudi kwa aliyemtengenezea, nauli ilikuwa taabu, na pengine aliona haya. Alichukua kisu kidogo cha kumenyea viazi akawa anakwangua pale panapomuuma, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka meno yakawa yanacheza mdomoni kama chombo kisicho na nanga. Mwisho aliyatia katika kopo la halua, akalipandisha juu ya kabati. Miaka yake yote iliyobaki alikuwa akicheka kwa kuziba mdomo na upindo wa leso. Tulipogawana vitu vyake nililiona lile kopo. Meno yalikuwa mazuri, meupe, kama mapya, isipokuwa ile sehemu aliyokwangua, ambayo ilikuwa na mistari ya kisu. Nimelihifadhi.

Kosa langu mimi lilikuwa haraka. Kliniki ya kwanza niliyokwenda walining'oa meno manne ya juu yaliyokuwa yamebaki yakitikisika, baada ya wiki mbili wakachukua vipimo mara moja tu, na wiki iliyofuata nikakabidhiwa meno. Nilifurahi mno. Yalikuwa meupe kama kigae cha bafuni na yamepangwa sawasawa bila nafasi hata ya uzi. Mwezi wa kwanza yalishika. Mwezi wa tatu, nikipiga chafya, yanashuka. Niliporudi niliambiwa ninunue gundi. Hakuna aliyenieleza jambo ambalo walipaswa kulisema kabla hawajapokea pesa zangu: jino likishang'olewa, mfupa uliokuwa umelishika huanza kusinyaa, na husinyaa kwa kasi zaidi katika miezi ya mwanzo. Meno yaliyopimwa ufizi haujatulia ni ya muda. Yana kazi yake, kwa sababu si kila mtu ataweza kukaa miezi mitatu au zaidi bila meno mbele ya watu, lakini lazima uambiwe kuwa ni ya muda, na kwamba yatahitaji kutiwa bitana au kubadilishwa. Neno hilo bitana ndilo aliloniambia daktari wangu wa pili, nami nilipenda sana: kama koti, upande wa ndani unatiwa kitambaa kipya ili lishike mwili uliokonda.

Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Nilikuwa nikiifundisha methali hii miaka yote kwa maana ya mafumbo, kwamba kitu cha kuazima hakishiki nafasi ya asili. Sikuwa nimewaza kuwa meno ya pembe yalikuwepo kweli. Zamani huko Ulaya na Marekani meno ya bandia yalichongwa kwa pembe za ndovu na meno ya kiboko. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alikuwa nayo, na hadithi ile kwamba yalikuwa ya mti si kweli. Pembe ilikuwa ikioza mdomoni na kunuka. Halafu katikati ya karne ya 19 ukaja mpira uliofanywa mgumu kwa moto, na tangu miaka ya 1930 ikaja plastiki ngumu ya akriliki ambayo ndiyo tunayoivaa wengi wetu mpaka sasa. Pembe ngapi zilipita katika bandari hii yetu zikielekea ng'ambo, sina haja ya kumweleza mtu wa Mombasa. Na methali ni ya kweli hata kwa mwili: mfupa hausimami kusinyaa kwa sababu umevaa meno juu yake. Huendelea, polepole, maisha yako yote, na taya la chini husinyaa zaidi kuliko la juu. Kwa hivyo meno ya bandia si kitu cha kununua mara moja ukamaliza. Kila baada ya miaka mitano hadi kumi utahitaji mapya, na katikati yake bitana.

Daktari wa pili ni msichana wa umri wa binti yangu, kliniki yake iko upande wa Tudor. Kabla sijakaa kwenye kiti nilikuwa nimekwisha kulitafuta jina lake katika orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, ambayo iko kwenye intaneti na kila mtu anaweza kuitazama. Nasema hivi kwa sababu mtaani wapo wanaokoroga plastiki na kuimimina mdomoni papo hapo, ikagandamana na meno yaliyobaki, nawe ukatoka na "jino" jipya lisilotoka hata la kusafishwa. Chini yake ufizi unaoza. Nimemwona jirani yangu aliyefanyiwa hivyo. Alipoteza meno mawili mazima yaliyokuwa pembeni mwa pengo.

"Mama," alinambia yule daktari, "kabla sijakwambia bei, nambie wewe wataka meno yafanye kazi gani."

Sikuwa nimewahi kuulizwa hivyo. Nikamwambia: kusoma Kurani, kufundisha, kula samaki bila ya kusagiwa. Na kula mahamri ya asubuhi.

Tukakaa tukaongea. Njia ya kwanza ni vipandikizi, skrubu za titani zinazotiwa ndani ya mfupa. Mswidi mmoja, Per-Ingvar Brånemark, ndiye aliyegundua kwamba mfupa huota na kuikamata titani, na mgonjwa wake wa kwanza aliwekewa mwaka 1965. Hiyo ndiyo njia inayoupa mfupa kazi na kuupunguzia kusinyaa. Mwenye uwezo, hata skrubu mbili tu katika taya la chini ili seti nzima ipate kubana, namshauri aulizie. Taya la chini lisilo na jino ndilo linalowatesa watu kuliko yote, kwa sababu ulimi hauyapi meno nafasi ya kutulia. Mimi bei ilinizidi mbali, na kisukari kikiwa hakijatulia kidonda kinachelewa kupona. Daraja la kudumu, yaani meno ya bandia yanayogandishwa juu ya meno ya jirani, halikuwezekana, maana juu hapana jino la kulishikia. Ikabaki seti nzima juu, na chini meno ya kando tu, ya kutia na kutoa, yakishikamana na yale sita yangu.

Kwa ya chini kulikuwa na tatu za kuchagua. Akriliki ni rahisi na hurekebishika, lakini ni nene. Yale laini yanayopinda hayana waya unaoonekana na watu huyapenda kwa hilo, ila kuyarekebisha au kuyatia bitana ni kazi ngumu. Ya fremu ya chuma, mchanganyiko wa kobalti na kromu, ni membamba, magumu, na hukaa juu ya meno yako mwenyewe badala ya kukandamiza ufizi. Nilichagua chuma. Nilitaka kuacha ya chini kabisa nitengeneze ya juu peke yake, ili nipunguze gharama. Daktari alikataa, akanieleza kwa mkono: akaweka ngumi moja juu ya nyingine, kisha akasukuma kwa mbele tu, ngumi ya juu ikabinuka. Meno sita ya mbele ya chini yakigonga peke yake, seti ya juu itakuwa inabinuka kila utafunapo, na mfupa wa mbele wa juu utaliwa upesi. Lazima nyuma pawe na meno ya kugawana uzito.

Safari hii haikuwa ya mara moja. Nilikwenda mara tano. Kwanza vipimo kwa ule uji wa pinki unaoganda, ambao ulinitia kichefuchefu mpaka aliponambia niinue vidole vya miguu na nipumue kwa pua. Kisha vipimo vya pili kwa sahani iliyotengenezwa kwa kinywa changu. Kisha ukingo wa nta, wa kupimia urefu wa uso na namna taya zinavyokutana. Hapo alinihesabisha: sitini, sitini na moja, mpaka sitini na saba, huku akitazama kama meno yatagongana kwenye s. Nikamwambia aniache nihesabu themanini na thelathini pia. Akacheka, akasema, "Mwalimu, wewe utanifunza kazi."

Mara ya nne ni ya kujaribu, meno yakiwa yamepangwa kwenye nta. Hapo ndipo nilipoitoa ile picha ya 1985 kutoka mkobani.

"Mwanangu," nikamwambia, "nataka mwanya wangu."

Aliitazama picha kwa muda. Akanambia chakula kitakuwa kinaingia pale, na kwamba wengi humwomba meno yasiyo na nafasi, meupe kabisa. Nikasema mimi sivyo. Akapasha moto kisu kidogo, akalainisha nta chini ya jino moja la mbele, akalisukuma kwa ncha ya kidole, akanipa kioo. Bado. Akalisukuma tena, unene wa kadi tu. Nilipotazama nilimwona mtu ninayemjua. Nililia pale kitini, naye akasimama akaniacha nilie, akajifanya anapanga vyombo vyake. Rangi pia tulichagua pamoja mlangoni, penye mwanga wa jua, na tukachukua ile yenye umanjano kidogo, inayofanana na yale sita yangu ya chini.

Kuvaa meno ni jambo moja, kuishi nayo ni jingine. Siku ya kwanza mate yanajaa mdomoni kama mtu aliyeona ukwaju, kwa sababu mwili unadhani umepewa chakula. Hilo huisha kwa siku chache. Vidonda vilitokea mara mbili, na mara zote mbili nilirudi Tudor kwa tuktuk, akasugua kidogo kwa mashine. Kila nikienda nilikuwa nalikumbuka lile kopo la halua. Tafadhali usishike kisu wala tupa. Plastiki ikishaondoka hairudi.

Kula nilijifunza upya. Nguvu ya kutafuna kwa seti nzima haifiki robo ya ile ya meno ya asili, na aliyekwambia utakula kama zamani amekudanganya. Siumi kwa mbele. Ukiuma kwa mbele seti ya juu inang'oka nyuma. Hamri nalikata vipande, nagawa kushoto na kulia, natafuna pande zote mbili kwa pamoja. Viazi karai sawa. Samaki wa kupaka sawa kabisa. Mahindi ya kuchoma nayapukuchua kwa kisu, kisha nayatia ndimu na pilipili kwenye sahani, na utamu ni ule ule. Mkate wa mofa nauchovya. Pweza na miwa nimeviaga, na mabuyu nayafyonza tu. Jambo lililonishangaza ni kahawa: kaakaa likiwa limefunikwa na plastiki halisikii moto, kwa hivyo nilijiunguza koo mara mbili kwa kahawa chungu niliyodhani imepoa. Sasa naionja kwa mdomo kwanza.

Sauti ilichukua wiki tatu. Kila siku baada ya alfajiri nilisoma kwa sauti, kwanza gazeti, halafu Kurani, peke yangu. Th ilikuja kabla ya s. S ilikuwa na filimbi mpaka daktari alipopunguza unene nyuma ya meno ya mbele. Ustadh nilimuuliza kuhusu udhu, akanambia si lazima kuyatoa kila nisukutuapo. Nayatoa hata hivyo pakiwa na nafasi, kwa ajili ya usafi.

Ramadhani ya kwanza ndiyo iliyonifunza kitu kinachoshikilia meno ya juu. Ni mate. Utando mwembamba wa mate kati ya plastiki na kaakaa, pamoja na hewa iliyozuiwa, ndio unaoyanyonya yakae. Baada ya alasiri, kinywa kimekauka, yanalegea. Nilijifunza kutosema sana saa zile, na kunywa maji ya kutosha usiku. Gundi ninayo, natumia kiasi cha punje ya mchele nikienda arusini. Anayehitaji kuijaza kila siku ana meno yasiyomkaa, na gundi nyingi zenye zinki kwa miaka zimewahi kuwaharibu watu mishipa ya fahamu. Dawa yake ni bitana.

Kosa langu kubwa ni kulala nayo. Dada yangu alikuja kutoka Lamu akakaa kwangu mwezi mzima, chumba kimoja, nami sikutaka anione bila meno. Mwezi ulipokwisha kaakaa langu lilikuwa jekundu kama limeunguzwa, mipaka yake ikifuata kabisa umbo la plastiki. Ni fangasi. Huwapata wanaolala na meno, na sisi wa kisukari zaidi. Nilipewa dawa ya kupaka, nikaambiwa ufizi unahitaji kupumzika kila usiku. Dada yangu nilipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akanionyesha magego yake mawili ya bandia, ambayo kwa miaka kumi mimi sikuyajua.

Sasa kila usiku nayaosha juu ya karai lenye maji, ili yakiponyoka yasipasuke. Sabuni ya vyombo na mswaki laini. Dawa ya meno inayakwaruza, maji ya moto yanayapinda, na dawa ya kung'arishia nguo inakula chuma cha ile ya chini. Kisha nayalaza kwenye bakuli la maji masafi, maana yakikauka hubadilika umbo. Maji ya bomba yasipokuja, na yetu hukatika siku nzima nzima, nina kidumu cha lita tano nilichokitenga kwa kazi hiyo tu. Yale sita ya asili nayapigia mswaki kuliko nilivyowahi kuyapigia, kwa kuwa ndiyo yanayoshika vingine vyote.

Binti yangu ana mwanya. Amefikisha miaka thelathini na nane, na mwezi uliopita, katika arusi ya jirani, nilimsikia mtu akimwambia kuwa mwanya wake umezidi kupendeza. Jumamosi iliyofuata nilimpeleka Tudor. Alilalamika njia nzima kuwa hana jino linalouma. Daktari alichukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, akawa anakiingiza taratibu kati ya ufizi na jino, jino baada ya jino, huku akimtajia msaidizi wake namba za kuandika. Hadi tatu ni salama, kuanzia nne kuna neno. Nilikaa kwenye kiti cha pembeni, mkono mdomoni, nikizihesabu pamoja naye. Mbili, mbili, tatu. Mbili, tatu, mbili. Akafika kwenye mwanya, akapima mara mbili. Tatu. Tatu. Nne.

"Tumewahi, mama," akanambia, bila kugeuka.